Twende kwa Tembo

Julai iliyopita, wiki ile bulteni za shule zilipotoka, mwenzetu mmoja wa Majengo alisimama na swali kabla sanduku la akiba halijafunguliwa. Binti yake wa miaka minane alikuwa amepanda darasa akiwa wa tatu, na alikuwa ameahidiwa kado. Hakuomba viatu wala mkoba wa shule. Aliomba apelekwe kula "kwa tembo". Mama mtu alidhani mtoto anasema habari za Hifadhi ya Virunga, akamjibu kwamba huko siku hizi hakuendeki. Mtoto akacheka. "Mama, si tembo wa porini, ni tembo wa restora!"

Tukaulizana, tukakuta karibu kila mama aliyekuwa pale ameshasikia habari za tembo huyo nyumbani kwake. Ni tembo wa saruji, amesimama katika uwanja wa restora moja pembeni ya ziwa, na mkonga wake ni mtelezo wa watoto. Kuna gorila wa saruji pia, kuna twiga mwenye taa shingoni, kuna payoti zilizojengwa kama vibanda vya msituni, na mtu aliyevaa vazi la simba anapita meza kwa meza kusalimia watoto. Jina la mahali hapo hatulitaji, na mbele kidogo mtaona sababu.

Mkutano ukawaka. Mweka hazina wetu, ambaye ndimi zake mnazijua, alisema sahani moja ya kuku na firiti kule ni makala ya wiki nzima. Mwingine akasema watoto wetu wameona mambo mengi mabaya, acha waone na tembo. Wa tatu akauliza: kwani tembo huyo anafanya kuku awe mtamu zaidi? Hapo ndipo tulipoona kwamba hilo ni swali la kweli, na kwamba si letu peke yetu. Dunia nzima kuna familia zinazolipa pesa nyingi kwenda kula chini ya mnyama wa saruji. Wanafuata nini?

Tukaanza kuulizana na kutafuta. Wenye simu nzuri wakatafuta kwenye simu, wenye ndugu ng'ambo wakawaandikia.

Kwa jirani zetu, mahali panapotajwa kwanza ni Nairobi, restora iitwayo Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980 upande wa Langata. Ukiingia tu unakutana na shimo kubwa la makaa, na juu yake nyama zimechomekwa kwenye panga za Kimasai. Wahudumu wanazunguka na panga hizo, wanakukatia nyama moja kwa moja kwenye sahani: kondoo, ng'ombe, kuku, hata mamba na mbuni. Zamani walikaanga na wanyama wa porini kama pundamilia, mpaka serikali ya Kenya ilipozuia nyama ya mwitu. Lakini kilichotufurahisha ni bendera. Katikati ya meza kuna bendera ndogo ya karatasi. Ikiwa imesimama, nyama zinakuja. Ukishindwa, unailaza, na hapo wanakuacha. Yaani mtu anatangaza kushiba kama jeshi linavyotangaza kushindwa. Mama mmoja wetu aliyewahi kufika huko na kwaya ya kanisa alisema wanaume wa kwaya walikataa kabisa kulaza bendera, wakarudi hotelini wakiwa wagonjwa.

Huko pwani kuna nyingine mbili ambazo hazikujengwa na mtu, au tuseme mtu aliongeza meza tu. Diani, kusini mwa Mombasa, kuna Ali Barbour's, restora iliyo ndani ya pango la matumbawe chini ya ardhi. Paa lake ni matundu ya pango lenyewe, na usiku unakula huku unaona nyota. Zanzibar, ufukwe wa Pingwe kule Michamvi, kuna The Rock, kibanda kilichokaa juu ya jiwe ndani ya bahari. Maji yakitoka unakwenda kwa miguu. Maji yakijaa wakati unakula, unarudishwa kwa mtumbwi. Fikirini mama wa watoto watano akihesabu vichwa ndani ya mtumbwi huo.

Ila ukitaka kuona wenye wazimu wa kweli wa jambo hili, ni Marekani. Dada ya mwenzetu mmoja alihamishiwa Colorado pamoja na familia yake, baada ya miaka mingi kambini Uganda. Tulipomwandikia juu ya tembo wetu alijibu kwa sauti ndefu ya simu, akicheka. Watoto wake walimpeleka mahali paitwapo Casa Bonita, mji wa Lakewood, karibu na Denver. Jengo ni la rangi ya waridi, lina mnara kama wa kanisa, na limekuwepo tangu 1974. Ndani ya nyumba, ndani kabisa, kuna maporomoko ya maji ya kama mita tisa, na vijana wanaruka kutoka juu wakitumbukia katika dimbwi wakati wewe unakula. Kuna pango la giza la watoto kupitia. Kuna mtu aliyevaa ngozi ya gorila anayekimbizwa huku na huku.

Tulicheka sana juu ya huyo gorila. Sisi tunaishi chini ya milima yenye magorila wa kweli, katika kivuli cha hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika, na wengi wetu hatujawahi kumwona gorila hata mmoja. Wageni walikuwa wanalipa mamia ya dola kwa saa moja pamoja nao. Basi labda tusimcheke mtu wa Colorado anayelipia gorila wa nguo. Na watoto wetu pia, gorila wanayemjua ni wa saruji.

Jambo la pili la Casa Bonita ni chakula. Kwa miaka mingi watu wa huko walisema wazi kwamba chakula chake hakikuwa kitamu, isipokuwa mandazi yao ya asali. Wakaendelea kwenda. Walipelekwa wakiwa watoto, wakawapeleka watoto wao. Mwaka 2020 ilifungwa, na watu wakaililia kama wanavyomlilia ndugu, mpaka wachekeshaji wawili wa televisheni waliokulia Colorado, Trey Parker na Matt Stone, wakainunua na kuitengeneza kwa zaidi ya dola milioni 40. Ikafunguliwa tena 2023. Milioni 40, kwa ajili ya maporomoko ya maji ndani ya nyumba! Mweka hazina wetu aliomba tarakimu hiyo irudiwe mara mbili.

Na huko Casa Bonita pia kuna bendera mezani, lakini inafanya kazi kinyume na ile ya Nairobi. Ukiiinua, wanakuletea mandazi mengine. Kumbukeni bendera hizo, tutazirudia.

Katika kuulizana huko tulijifunza na jambo la biashara, linalofaa kwa wamama wenzetu wanaouza chakula. Chuck E. Cheese ni restora za pizza za watoto, zilianza mwaka 1977 mji wa San Jose, California. Aliyezianzisha, Nolan Bushnell, hakuwa mpishi. Alikuwa mtu wa michezo ya elektroniki, yeye ndiye mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari. Aliona kwamba pizza inachukua muda kuiva, na mtoto hawezi kungoja. Basi akajaza ukumbi mashine za michezo, na wanyama wa roboti wanaoimba jukwaani. Mtoto akacheza, mzazi akanunua vidonge vya kuingiza kwenye mashine, pizza ikaja wakati wake bila mtu kununa. Roboti zile zimeondolewa sasa karibu matawi yote, watoto wa leo wameshaona makubwa zaidi kwenye simu. Lakini hesabu ya Bushnell ipo pale pale. Kungoja ndiko kunakofukuza familia restora, na yeye alikugeuza kungoja kuwa bidhaa. Mama anayeuza brosheti Birere na hajui la kufanya na watoto wa wateja wake anaweza kufikiria hapo. Bembea moja ya kamba na tairi haigharimu kitu.

Nyingine ni Rainforest Cafe, iliyoanza 1994 katika jimbo la Minnesota. Ndani yake kuna msitu wa bandia, na kila baada ya muda taa zinazimika, radi inapiga, mvua inasikika, tembo wa mashine wanapiga kelele. Watu wanalipa kusikia mvua! Sisi mvua ikipiga tunakimbilia mabeseni, moja la kukinga maji ya kuoga na kufua, lingine la pale mabati yanapovuja.

Tukarudi kwenye mambo yetu. Tulikubaliana hivi: akiba haiguswi, na mfuko wa kusaidiana haguswi mtu asije akaugua. Anayetaka kwenda kwa tembo ataweka franka 2,000 kila wiki, kando, kwa miezi mitatu. Tangu Januari 2025 benki zilipofunga milango, kila mtu hapa mjini anajua thamani ya noti anayoishika mkononi, na franka 2,000 za kando si mchezo. Kumi na mmoja waliandikisha majina. Mmoja, fundi wetu wa kushona, alikataa, na alikataa kwa sauti. Alisema yeye ana watoto watatu shuleni na minervali ya mmoja bado, na kwamba akila firiti za bei ile zitamkaa kooni. Hatukumshawishi. Tunaandika hapa kwamba alikuwa na haki yake, kwa sababu kulikuwa na maneno pembeni baada ya mkutano, na maneno hayo hayakuwa mazuri.

Mwingine aliandikisha jina, lakini biashara yake ya sambaza pale Kituku ikaanguka mwezi wa pili, akaacha kuweka. Hakutuambia, aliacha tu kuja. Tulipomfuata nyumbani tukakuta watoto wake wawili wanajua siku ya safari kuliko sisi. Walikuwa wamehesabu kwa makaa ukutani. Tukaongeza kila mmoja kidogo, nao wakahesabiwa pamoja na wengine.

Siku ikafika, Jumapili ya Oktoba, baada ya ibada. Wamama kumi na mmoja, watoto ishirini na sita, na koko mmoja aliyesema hatakubali kuachwa. Tulivaa vikwembe vya chama. Kwa kweli tulipofika mlangoni baadhi yetu tuliona haya. Sisi ni watu wa kuuza mboga na makala, tukaingia mahali ambapo mlinzi anafungua mlango kwa mikono miwili. Koko alipita mbele, akamsalimu gorila wa saruji kama mkwe wake, na haya ikatutoka.

Watoto hawakuuliza chakula kwa saa nzima. Foleni ya mtelezo ilikuwa ndefu, mkonga ulikuwa umeshapakwa rangi upya na nguo zote zilirudi na kijivu makalioni. Hilo hatulalamiki. Sahani zilipokuja, wengi walikula firiti tano au sita, wakarudi kwa tembo. Kuku walibaki. Tulikuwa tumejibiwa swali la Julai: kuku ni wa kawaida tu, hata amekauka kidogo, na hakuna mtoto aliyegundua.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alikuwa amekifikiria. Ilikuwa kama saa tisa. Meza ya jirani walikuwa na aniverseri ya mtoto, wamefunga baluni nyingi kwenye nguzo za payoti. Moja ikapasuka. Paa! Na watoto wetu, tunasema wengi wao, walikuwa chini ya meza kabla hatujageuza shingo. Mmoja alimvuta mdogo wake kwa mkono na kumlalia juu, kama walivyofundishana Januari. Firiti zikamwagika. Uwanja wote ukanyamaza. Wahudumu walisimama na sinia zao. Hata wale wa aniverseri walikuwa wameinama, wakubwa kwa wadogo, na hapo tukaona kwamba si watoto wa Majengo tu.

Mtu wa simba ndiye aliyeokoa siku. Sijui alifundishwa na nani. Alivua kichwa cha simba, akaonekana ni kijana mdogo tu mwenye jasho, akapiga magoti karibu na meza yetu, akawaonyesha baluni iliyopasuka. Akawapa waishike, ile ngozi iliyobaki. Halafu akaomba baluni nyingine kwa mama wa aniverseri, akauliza watoto: niipasue? Wakasema hapana. Akangoja. Akauliza tena. Mtoto wa yule mama wa sambaza akasema: ipasue, lakini mimi ndiye nihesabu. Akahesabu moja, mbili, tatu. Paa. Wengine waliziba masikio. Kisha wakataka nyingine. Mama wa aniverseri, Mungu ambariki popote alipo, aliwaachia nusu ya baluni za mwanawe, zikapasuliwa moja moja kwa hesabu mpaka zikaisha, na ya mwisho watoto walikuwa wanacheka mpaka kukohoa.

Wamama kadhaa tulikuwa tunalia, tukisingizia pilipili.

Hatusemi kwamba baluni ni dawa. Wawili kati ya watoto wale usiku ule walikojoa kitandani, na mmoja bado anashtuka mlango ukijifunga. Mwenye mtoto wa namna hiyo asimchape wala asimcheke, aje tuzungumze, na kwenye vituo vya afya wapo watu wanaosikiliza mambo haya. Tunasema tu tulichokiona. Mahali ambapo kila kitu ni cha bandia, tembo bandia, simba bandia, mshindo nao uligeuka kuwa wa bandia, na watoto wakaushika mikononi.

Sasa fakitire. Ilipokuja, mweka hazina wetu alivaa miwani, na tukajua kuna kesi. Kwanza, bei zilikuwa za dola, na sisi tulikuja na franka. Wakatuhesabia dola kwa bei yao wenyewe, juu kuliko ya wabadilishaji wa barabarani. Pili, kuna mstari ulioandikwa "picha": kila mara simba aliposimama na mtoto na mpiga picha wao akabonyeza, imehesabiwa. Hakuna aliyetuambia. Picha kumi na nne! Tatu, kulikuwa na sukre tatu ambazo hakuna mtoto aliyeziona. Mweka hazina alikwenda ofisini, akakaa huko robo saa. Alirudi na nusu ya picha zimefutwa na sukre zimeondolewa, na picha zenyewe zimetumwa kwenye simu yake. Ndiyo sababu jina la mahali hatulitaji: walituonea, halafu wakatusikiliza, na yule kijana wa simba ni mfanyakazi wao.

Kwa hiyo anayekwenda mahali pa namna hii, na tunajua mtakwenda, aulize kabla ya kukaa: dola kwa franka ngapi? Picha ni bure? Kiti cha mtoto kinalipiwa? Aombe iandikwe. Agize sahani moja kwa watoto watatu, maana hawatakula. Awape uji nyumbani kabla ya kutoka. Na kama uwanja unafika ziwani, mama mmoja asile kabisa, kazi yake iwe ni kuangalia maji, kwa zamu. Sisi tulifanya hivyo, kila nusu saa mmoja anapokea mwenzake, na hatujutii.

Njiani kurudi, kwenye kona ya barabara, tulipita karibu na sanamu ya chukudu ile ya rangi ya dhahabu, na koko akasema jambo. Alisema mji huu wenyewe ni kama restora ile. Una mlima unaowaka usiku mwekundu, una sanamu ya dhahabu ya gari la miti, nyumba zimejengwa kwa mawe meusi ya moto uleule uliotukimbiza 2002 na tena 2021. Hata sambaza, alisema, si wa hapa. Hilo hatukuliamini, tukauliza, na ni kweli: samaki hao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Koko alikuwa msichana mdogo. Anasema kabla yake ziwa lilikuwa na samaki wachache, na watu hawakuwaza kwamba siku moja litalisha mji.

Na sisi wamama, tulifuata nini kule? Tulizungumza hilo kwenye mkutano uliofuata, na jibu lilitoka kwa mama ambaye huwa haongei. Alisema tembo hakumgusa sana. Kilichomgusa ni kwamba alikaa. Tangu saa saba mpaka saa kumi na moja alikaa kwenye kiti chenye mgongo, mtu akamletea sahani, mtu akaiondoa, na hakuiosha. Hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Hata kwenye arusi sisi ndio tuko nyuma na masufuria. Watoto wakiwa na tembo wao, hakuna aliyemwita "mama" kwa saa nzima. Basi wote tukanyamaza kidogo, kila mmoja akihesabu yake.

Hapo ndipo bendera zilipopata kazi. Fundi wetu wa kushona, yuleyule aliyekataa, alisema kama ni tembo na kiti, kwa nini tusifanye wenyewe? Jumapili ya pili ya Novemba tulikusanyika katika uwanja wa mwenzetu mmoja wa Ndosho. Fundi alishona vichwa vya wanyama kwa vipande vya vikwembe. Vijana wakatengeneza tembo kwa magunia na miti ya chukudu mbovu, na mkonga wa bati lililokunjwa ambalo tulilikataza mara moja kwa sababu ya makali, ukawekwa ubao. Chakula kilikuwa sambaza wa kukaanga, firiti, lenga-lenga na bugari. Kila mama alipewa bendera ndogo ya kitambaa mezani, na sheria ilikuwa ya Colorado: ukiiinua, unahudumiwa.

Wahudumu walikuwa baba watoto.

Wanne walikuja, wa tano alifika chakula kikiisha. Mmoja alivaa kichwa cha chui na hakukivua mpaka jioni, tunadhani ni kwa ajili ya majirani. Walimwaga supu, walichanganya sahani, firiti za kwanza ziliungua. Lakini bendera zilipoinuka walikuja. Kuna mama aliyeiinua yake mara saba, mara nyingine akiomba chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. Gharama yote kwa watu karibu hamsini haikufika nusu ya ile fakitire ya ziwani, na mama wa sambaza aliuza ndoo mbili kwa chama kwa bei ya haki, akaanza tena kuweka akiba yake wiki iliyofuata.

Tusiwadanganye lakini. Tulimwuliza yule binti wa Majengo, aliyeanzisha haya yote, ipi ilikuwa nzuri zaidi. Alifikiri kidogo kwa adabu. Akasema ya Ndosho ilikuwa nzuri sana, na papa akivaa chui alichekesha, ila tembo wa kweli ni yule wa ziwani.

Kwa hiyo daftari la kando limefunguliwa tena, franka 2,000 kwa wiki, safari ni ya mwisho wa mwaka wa shule. Majina yaandikishwe kwa mweka hazina kabla sanduku halijafungwa Jumamosi. Vichwa vya wanyama viko kwa fundi, kikundi kinachotaka kuviazima kivirudishe vimefuliwa. Cha chui kina tundu la moto wa makala upande wa sikio la kushoto, tunaomba aliyekivaa alete kitambaa cha kuziba.